Zipu Mgongoni mwa Dubwana

Mwenye stoo alitaja bei ya vitu vyote kwa mkupuo, nami nikacheka, maana ndivyo kazi yangu inavyoanza. Nanunua vitu vya watu waliokufa au waliohama bila kuaga, navipakia kwenye vani, Jumapili navipeleka gulioni. Kanuni yangu ni kutoonyesha uso wowote mpaka nimehesabu mara mbili. Lakini alipoinua lango la stoo ile, huko Penrith, pembezoni mwa Sydney, harufu ilitoka kabla mwanga haujaingia: mpira wa kuyeyushwa, gundi, na kitu kama samaki aliyekaukia kwenye gazeti. Uso wangu ukanisaliti. Mwenye stoo akaona, akapandisha bei palepale. Sikumlaumu. Ningefanya vivyo hivyo.

Wenzangu mliokuja nchi hii mkiwa wadogo, mmeshikwa mkono na mtu aliyebeba ule mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi za familia nzima, mnajua kwamba sisi hatukumbuki kwa miaka. Tunakumbuka kwa pua. Kambi ya wakimbizi kule Tanzania ni moshi wa kuni mbichi na maharage. Ndege ni sabuni. Na Liverpool, hii ya Sydney, kwangu mimi, si hospitali wala kituo cha treni. Ni harufu hii hapa ya mpira.

Tulikaa nyumba ya matofali mekundu, na uzio wa mbao kati yetu na jirani. Mama alimwita jirani huyo Mchina. Alikuwa Mjapani, ila Mama alikuwa na mambo mengi ya kujifunza mwaka ule, na hilo halikuwa juu kwenye orodha. Wiki yetu ya kwanza alikwenda nyuma kuanika nguo, akarudi na beseni bado limejaa.

"Usisogee kwa yule Mchina," aliniambia, akishusha sauti kana kwamba mbao zina masikio. "Anachuna. Kaanika ngozi kwenye kamba. Ngozi nzima, na mikono yake."

Kambini tulilala na hadithi za wachuna ngozi, kwa hiyo sikuuliza anachuna nini. Niliuliza tu kama ni ngozi ya mkubwa au ya mtoto.

"Ya mkubwa."

"Basi sisi watoto hatuhusiki," nikasema, na kesho yake nikawa nimebandika jicho kwenye tundu la ubao.

Nilichoona sijawahi kukiona tena kwa ukubwa ule. Katikati ya ua palikuwa na mji. Majumba ya maboksi yamepakwa rangi, madirisha yamechorwa, barabara, vigari vidogo. Dubwana likatoka gareji. Lilikuwa la kijivu, magamba kuanzia shingoni hadi mkiani, miba mgongoni, mdomo umejaa meno yasiyo na mpangilio. Likaingia mjini kama mtu anayeingia kwake. Likapiga ghorofa la kwanza kwa mkono, likang'oa paa la pili, likaketi juu ya daraja, likaliponda. Mkia ukafagia mtaa mzima. Halikukimbia. Lilibomoa polepole, nyumba kwa nyumba, na nyumba ya mwisho likaipiga hata baada ya kuanguka.

Ile ya mwisho ndiyo niliyoielewa zaidi. Nilishaona kipigo cha namna hiyo sebuleni kwetu.

Kisha likanigeuzia mgongo, miba ikafunguka katikati, na nikaona zipu. Zipu kubwa ya chuma kama ya hema. Ikashuka yenyewe kwa uzi uliofungwa, na kutoka kwenye mpasuko ule akajitoa mzee mmoja mfupi, kifua wazi, ameloa jasho kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akakaa juu ya ghorofa lililopondeka, akanywa maji chupa nzima, ndipo akageuka moja kwa moja kwenye tundu langu.

"Umeona?"

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vinachechemea, kwa hiyo vilikwenda mwendo mmoja. Nikamwambia nimeona.

"Umeogopa?"

"Hapana."

"Basi sijamaliza kazi," akasema, akaandika kitu.

Jina lake lilikuwa Sakuma. Mimi nilimwita Mzee, na yeye aliniita Jirani, kwa heshima kabisa, na kichwa anainamisha. Tulikubaliana nimsaidie kupaka magamba, yeye anipe biskuti za mchele. Alisema biskuti moja kwa magamba kumi. Nikasema kwa matano. Tukafunga kwenye saba. Alihesabu magamba, nami nikahesabu tena mbele yake, na nadhani hapo ndipo alipoanza kunipenda.

Maisha yake aliniambia vipande vipande, huku mikono yake ikifanya kazi. Alizaliwa katika mji ulioteketezwa kwa mabomu ya moto. Mama yake alikimbia naye amemkumbatia kwa mbele, na moto ukamla mgongo mama. Mtoto hakuungua hata ukucha. Akakua, akapata kazi studio ya filamu, na kazi yenyewe ikawa kuchoma miji. Miji midogo ya mbao na plasta, ambayo watu hujenga mwezi mzima na kubomoa kabla chai haijapoa. Alianza kwa kubandika sponji kwenye miguu ya madubwana ya wengine. Baadaye akaanza kuyachora ya kwake, kisha kuyashona, kisha kuingia ndani yake mwenyewe ili ajue yanabana wapi. Alikuja Sydney na kikundi cha picha, picha ikaisha, wenzake wakaondoka, yeye akabaki kwa ajili ya muuguzi mmoja aliyemfunga kidole alichojikata. Muuguzi alikufa, akamwachia nyumba na uzio. Sasa alitengeneza madubwana ya matangazo na ya kusimama milangoni mwa maduka siku za ufunguzi.

"Watu wanadhani naanza na meno," aliniambia. "Mimi naanza na mahali litakapopigwa. Hapa begani, hapa kichwani, naweka sponji mara tatu. Kazi ya dubwana ni kupigwa. Dubwana zuri ni lile ambalo mtu wa ndani anatoka mzima."

"Na zipu, kwa nini mgongoni?"

"Kwa sababu hakuna anayetazama mgongo wa dubwana. Wote wanatazama mdomo."

Sasa niwaambie kuhusu Baba. Alifanya kazi ya usiku kwenye maghala karibu na Port Botany, kushusha mizigo ya makontena. Alirudi asubuhi, akalala mchana, na Jumapili aliimba sauti ya tatu kanisani hadi wamama wakafuta macho. Alikuwa na kishimo shavuni anapoimba. Na alimpiga Mama. Alimpiga kwa mkanda, kwa kigoda, kwa mkono. Siku moja alimburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi bafuni, na nywele zikabaki sakafuni kama panya mdogo. Kabla ya kuanza, kila mara, alivua saa yake. Aliivua taratibu na kuiweka juu ya friji, uso wake ukitazama juu. Nikisikia saa inagusa friji, nilijua.

Kanisa lilijua pia. Mchungaji alikuja na wazee wawili, wakamweka Baba katikati ya sebule na kumwekea mikono kichwani. "Ndugu yetu ameingiliwa," Mchungaji akasema. "Huyu anayepiga siye yeye. Kuna kitu ndani yake." Baba akalia kwa sauti. "Sikuwa mimi," alisema. "Mama watoto, nakuapia, sikuwa mimi." Mama akasema ameelewa. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa ili kuficha sehemu isiyo na nywele.

Mimi nilisikiliza nikiwa nyuma ya kochi, na nikaona watu wazima wamekosea hesabu. Walisema kuna kitu kibaya ndani ya mtu. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi mambo haya yanavyotengenezwa, hapo jirani. Kibaya ni cha nje. Mtu yuko ndani, ameloa jasho, anataka maji. Mchungaji alikuwa akitafuta mahali pasipo ndipo. Kilichotakiwa ni mtu wa kwenda kutazama mgongo.

Baba hakuwahi kuvua shati mbele yetu. Hata ufukweni alikaa amefunga vifungo. Lakini likaja lile joto la Januari, ambalo ndege hukaa chini wamefungua midomo, na mchana mmoja nikamkuta amelala kifudifudi kwenye vigae vya sebule, kifua wazi. Ilikuwepo. Ilianzia chini ya kisogo, ikashuka katikati hadi kiunoni, imenyanyuka, inang'aa, na pande zote mbili ilikuwa na meno. Alama za nyuzi. Nilihesabu upande wa kushoto, nikahesabu upande wa kulia, hazikulingana, nikahesabu tena. Panga lililofanya kazi ile, na mshonaji aliyekuja baadaye na uzi wowote alioupata, hakuna aliyekuwa ameniambia habari zao. Mimi niliona zipu, na niliona kwamba imekwama.

Nikaenda kwa Mzee. "Zipu ikikwama, mnafanyaje?"

Alidhani nauliza habari za kazi. Akaweka brashi chini. "Ikikwama, kata. Usingoje." Akaniambia juu ya mwenzake wa ujanani aliyekuwa ndani ya dubwana la majini, kwenye tangi la studio. Maji yaliingia, kitambaa kikavimba, zipu ikagoma. Yule mtu akaanza kujirusha, kupiga maji, kugonga ukuta wa tangi kwa kichwa, na mwongozaji akapiga makofi, akasema huyu leo anacheza vizuri kuliko siku zote. Kamera zikaendelea. Sakuma peke yake aliyajua mapigo yale, kwa kuwa alishawahi kukaa humo. Akaruka na kisu cha kukatia mpira, chenye ncha iliyopinda, akapasua mgongo wa dubwana kutoka juu hadi chini. Akampasua na mwenzake pia.

"Alikasirika?"

"Alinishukuru mpaka alipokufa. Kumkata mtu kidogo, Jirani, ni afadhali kuliko kumwacha ndani."

Kisu chenyewe kilining'inia kwenye msumari, karibu na mlango wa gareji.

Wiki iliyofuata Mama alipata leseni ya kujifunza kuendesha gari. Aliileta mezani kama mtu anayeleta keki. Saa ikagusa friji. Baba alitumia pasi, na Mama akakinga kichwa kwa mkono, na nikasikia mkono ukilia. Kisha akapiga ule mkono tena, ulipokuwa tayari umening'inia.

Hospitalini nilikuwa mkalimani, kama sisi sote tulivyokuwa. Daktari akauliza, Mama akaninong'oneza, "Sema nimeanguka." Nikasema ameanguka. Muuguzi aliyekuwa akifunga plasta, dada wa Kikenya mwenye nywele fupi, hakuinua kichwa.

"Mathe, mimi nasikia Kiswahili," alisema. "Ulianguka mara ngapi juu ya hiyo pasi?"

Mama akatazama ukuta.

"Sawa. Siku ukichoka kuanguka, si ushike mtoto utoke. Usibebe sufuria. Watu huwanga wanarudia sufuria."

Siku mbili baadaye Baba alirudi asubuhi na mandazi na soda za rangi, akamlisha Mama kwa mkono wake, akalia. Nilimtazama kwa makini. Macho yalikuwa ya mtu aliyetoka kupumua kidogo na kurudishwa ndani. Nikaona hewa inakwisha. Mchana joto likapanda, akavua shati, akalala kwenye vigae. Mama alikuwa jikoni, anajifunza kumenya viazi kwa mkono mmoja. Nilipita kwenye ubao wa uzio uliolegea, nikachukua kisu, nikarudi, nikapiga magoti.

"Baba," nikamwambia polepole. "Usiogope. Nakutoa."

Nilianza juu, pale chini ya kisogo, kwenye jino la kwanza. Ngozi ya kovu ni ngumu kuliko mpira. Ilibidi nisukume. Damu ikatoka, nyekundu kweli, nami nikaingiza kidole kwenye mpasuko kutafuta upande wa ndani.

Alinguruma akageuka. "Toka, Baba, toka upesi!" nilipiga kelele, bado nikiamini. Kofi lilinipata sikio la kushoto, likanirusha hadi mguuni pa kochi. Sikio hilo halijarudi hadi leo. Gulioni nalitumia: mtu akitoa bei ya kitoto, namgeuzia huko.

Hakuwa amewahi kunipiga mimi. Mama alisimama mlangoni na kiazi mkononi, akaona kisu, damu, mtoto. Nilidhani atapiga ukunga. Hakupiga. Alimrushia Baba kile kiazi usoni, halafu kigoda, kisha akaninyakua kwa mkono mzima na kupita nami kwenye ule uzio wa mchuna ngozi ambaye hakuwahi hata kumsalimia. Hakubeba sufuria.

Mzee Sakuma alituangalia mara moja tu. Alimsukuma Mama kwenye choo cha nyuma na kumpa ufunguo afunge kwa ndani. Akaniinua mimi, akafungua mgongo wa lile dubwana la kijivu lililokuwa limesimama kwa mnyororo wa darini, akanitumbukiza tumboni. "Tundu liko shingoni," alisema. "Pumua taratibu." Zipu ikapanda nyuma yangu. Nikamsikia akiongea na polisi kwenye simu, akirudia anwani mara mbili.

Ndani kulikuwa na giza la moto na ile harufu. Nikapanda juu ya goti la dubwana, nikapata tundu.

Baba akaingia. Damu ilikuwa imefika mkononi. "Yuko wapi mwanangu?" aliuliza kwa Kiswahili, na Mzee, asiyejua neno, akainamisha kichwa kama mwenye duka. Baba akamsukuma, akaanguka juu ya ndoo za rangi.

Na hapo nikaona. Baba akatazama huku na huku. Akaona nondo ukutani. Hakuishika kwanza. Alivua saa. Akafuta kwa kidole kile kitone cha damu kwenye kioo chake, akatafuta mahali pasipo na vumbi juu ya meza ya Mzee, akaiweka, uso ukitazama juu. Ndipo akachukua nondo.

Alivunja vichwa vilivyokuwa rafuni. Alivunja meno, macho ya kioo, mikono iliyokuwa ikikauka. Alipiga jitu dogo la duka hadi likabaki matambara na waya, na lilipoanguka akalipiga tena. Na wakati wote nilitafuta mdomo mwingine, macho mengine, uso wa nje. Haukuwepo. Ilikuwa pua yake, na kile kishimo cha shavuni, ambacho sasa nilijua hutokea pia anapokaza meno. Nilihesabu mara mbili watu waliokuwa mle garejini, na kila mara mtu aliyekuwa ndani ya dubwana alikuwa mimi.

Akalifikia la kwangu. Akapiga bega. Kishindo kiliingia mifupani, mnyororo ukalia, lakini sponji ilikuwepo mara tatu, mahali hasa Mzee alipokuwa amekadiria. Akapiga kichwa. Akapiga bega tena. Sikujirusha. Sikutaka mtu yeyote adhani nacheza vizuri. Nilipumua taratibu kwa tundu la shingo, uso wa baba yangu ukiwa karibu kiasi cha kumgusa, mpaka polisi walipomshika kwa nyuma. Kitu cha kwanza alichowaambia ni kwamba siye yeye. Cha pili, aliwaomba saa yake.

Mzee alishusha zipu akanitoa nimeloa, akanipa maji. "Umeogopa?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Hakuandika kitu.

Tulihamia Penrith, kwa mama mmoja wa Kirundi mwenye ua mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Mama aliendesha gari kwa mkono uliopona vibaya, akatunza wazee wa watu, hakuanguka tena. Mzee alikuja mara chache kwa treni, safari ndefu, na biskuti za mchele, tukibishana idadi. Kisha akazeeka, akapelekwa kwa ndugu, na vitu vyake, kumbe, vikaishia stoo hatua chache kutoka nyumbani kwetu.

Dubwana la kijivu lilikuwa nyuma kabisa, chini ya turubai. Mpira umekuwa mgumu, umepasuka, meno yamepungua. Begani lina mabonde mawili ya nondo. Nililigeuza. Zipu ilishuka bila kugoma. Nikalipa bei ya mwenye stoo bila kubisha, na bado nadhani alilala vibaya akijiuliza alikosea wapi.

Baba yupo, ni mzee, anakaa peke yake. Hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Juzi alisema kovu linamwasha pale juu, pale nilipokata. Halafu akasema lile analosema kila mara sauti inapolegea: "Unajua, binti yangu, siku zile sikuwa mimi. Kuna kitu kilikuwa kimeniingia."

Nilihamishia simu kwenye sikio zima.

"Na saa, Baba?" nikamuuliza. "Saa alikuwa anaivua nani?"